Bega Langu Halikuvunjwa na Vita

Kabla sijakushauri lolote, mwanangu, nikiri jambo nililolikana kwa zaidi ya miaka ishirini: bega langu la kulia halikuvunjwa na vita. Lilivunjwa na mpira.

Sikuwahi kusema risasi. Sikuwahi kusema panga. Mtu akiniuliza kwa nini siwezi kuinua mkono nisuke nywele zangu mwenyewe, nilisema "ni vita," nikatazama chini, na huruma yake ikamalizia hadithi. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Kisangani, wenzangu waliniachia kitanda cha chini kwa ajili ya bega hilo. Kanisani nimepishwa kwenye benchi. Mgeni mmoja wa shirika fulani alinipiga picha nikiwa nimeukumbatia mkono wangu kama mtoto mgonjwa, na sijui hata leo picha ile inawatoa watu machozi katika nchi gani. Hapa Bunia vita vina mgongo mpana: paa likivuja ni vita, mume akihamia kwa jirani ni vita. Na kwa kuwa mara nyingi ni vita kweli, nani angejisumbua kuuchunguza uongo wa msichana mmoja?

Nakuandikia kwa hasira, nisamehe. Nimefika umri ambao watu wanakuita mzee bila kuomba ruhusa, na nimegundua kwamba hasira ya utu uzima ina faida yake. Ya ujana hupiga kelele na kusahau. Hii inakumbuka.

Siku iliyoanzisha yote naiona bado. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, nimetoka masomoni, na uwanjani tulikuwa tunacheza nzango. Kama hukuwahi kuicheza, nakuhurumia: wasichana husimama mistari miwili, huimba, hupiga makofi, wawili hutoka katikati wakaruka na kutupa mguu mbele, na mguu uliotoka ndio unaoamua nani ameshinda. Siku hizo nilicheza kila kitu. Nilipiga mpira wa miguu na kaka zangu, niliogelea mto Shari nikirudi nyumbani na uongo mpya kila mara kuhusu nguo zilizolowa, nilikimbizana na mbuzi wa watu. Sikuwa hodari wa lolote. Nilikuwa mtoto.

Basi mpira wa wavulana ukatuangukia katikati ya wimbo. Nikauokota kwa hasira na kuurusha ukavuka uwanja mzima. Upande wa pili alisimama mwanamume mwenye filimbi shingoni. Alikuwa Kocha Gaston, aliyefundisha timu ya wasichana ya mpira wa mikono. Hakuutazama mpira. Aliutazama mkono.

Jioni hiyo hiyo alikuja nyumbani. Mama alimchinjia kuku, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia cheti changu chochote cha shule.

"Papa," kocha akamwambia baba, "huyu mutoto iko na mukono. Mukono ya namna hii sijaona. Munipatie huyu, lakini aache michezo ingine yote."

"Na masomo?" baba akauliza.

"Masomo asome. Nasema michezo. Mushika mbili, moja inamuponyoka. Na samaki, Papa, unamukunja angali mubichi."

Baba alikuwa mtu wa methali. Ukimpiga kwa methali moja anayumba, kwa mbili anaanguka. Mimi nimekaa na methali hiyo ya samaki miaka yote hii, mwanangu, nikagundua kwamba hakuna anayeimalizia. Samaki hukunjwa angali mbichi kwa sababu anaelekea kwenye moto. Anakunjwa ili atoshe kwenye chombo cha mwingine, kisha aliwe. Jihadhari na mtu mzima anayekutazama na kukumbuka methali ya jikoni.

Lakini nisiwadhulumu wazazi wangu. Hawakuwa wajinga, walikuwa na hofu. Vita vilikuwa vimeshaanza upande wa Djugu, na kila wiki barabara nyingine ilifungwa. Leo huendi Mongbwalu, kesho huendi Kasenyi. Kutoka Bunia kwa usalama kulihitaji ndege, na ndege ilihitaji ujamaa au pesa, nasi tulikuwa maskini wa vyote viwili. Ndipo kocha akasema wasichana bora watachukuliwa kwenda Kisangani, kisha Kinshasa, walale shuleni, wale, wasome.

"Huu mupira ndiyo ndege ya mutoto wako," akasema.

Baba akatazama juu ya paa kana kwamba ndege imepita. Pale pale mambo yakaisha. Niliuzwa kwa mapenzi, na mapenzi ya aina hiyo hayana pa kushtakiwa.

Nzango nikakatazwa, ati nitavunja kifundo cha mguu. Mpira wa miguu nikakatazwa. Mto Shari nikakatazwa. Mkono wangu ukawa mgeni wa heshima nyumbani kwetu: haukufua, haukutwanga, haukubeba maji. Bidoni langu la maji alilibeba mdogo wangu Solange, pamoja na lake, naye hakulibeba kimya.

"Madame Mukono," aliniita, "maji yako ndiyo hii. Utakunywa mwenyewe, ao nikunywishe?"

"Acha wivu."

"Wivu ya nini? Weye mukono, siye wengine matako. Keti basi, mukono ipumuzike!"

Nilicheka, na moyoni nilijiona malkia. Ukitaka kumharibu mtoto bila yeye kulia, mwambie ni wa pekee.

Nilirusha. Asubuhi kabla ya masomo, jioni baada ya masomo, Jumapili baada ya misa. Timu isipokuwepo kwa sababu ya milio ya bunduki, nilirusha peke yangu ukutani, mwendo uleule, pembe ileile. Mwaka wa pili bega likaanza kuuma usiku. Nikamwambia kocha. Akalipaka dawa yenye harufu kali, akanipigapiga mgongoni.

"Bega ikilia, iko inakomaa," akasema.

Kwa akili ya leo, iliyopita chuo kikuu na kurudi na vyeti, naona haya jinsi nilivyoliamini neno lile. Hata jino halikomai kwa kulia. Lakini mtoto akipewa maumivu pamoja na sifa, humeza yote kwa pamoja kama quinine ndani ya ndizi.

Aliyeshtuka ni mama. Mama alikuwa mchuuzi, mzaliwa wa Mahagi, na tangu nimfahamu aliuza samaki wa ziwani. Siku moja alinikuta nachana nywele kwa mkono wa kushoto, kichwa nimekiinamisha hadi magotini. Akaweka chini beseni lake.

"Leoni, mukono iko wapi?"

"Iko inapumuzika."

"Inapumuzika ao inakufa?" Akaketi karibu yangu. "Sikia. Barabara ya Kasenyi ilifungwa, nikaacha samaki, nikauza chumvi. Chumvi ikakosa, nikauza mafuta ya mawese. Mafuta ikapanda bei, sasa niko nauza makala ya kupikia. Kama ningejua samaki tu, leo mungekula nini? Kichwa yangu? Na weye, barabara ya ile mupira ikifungwa, utapita wapi?"

Nikamjibu, na jibu lile ndilo linaloniuma kuliko bega. Nilimwambia: "Mama, weye ni muchuuzi. Mimi niko athlète." Neno hilo la mwanamichezo nililisema kwa Kifaransa safi cha kitabuni. Akaniangalia, akalibeba beseni lake la makaa, akaenda sokoni kutafuta chakula cha athlète.

Vita vikakaribia. Solange akapelekwa Mahagi kwa shangazi, pamoja na wadogo zetu. Mimi nikabaki, kwa sababu kocha alisema mchaguzi wa wachezaji kutoka Kisangani anaweza kutua siku yoyote. Hilo nilifikirie vizuri, nawe lifikirie: watoto wengine waliondolewa mahali pa hatari, na mimi nikaachwa, kwa sababu nilikuwa na thamani.

Mchaguzi hakuja. Ilikuja siku ya utulivu, bunduki zikanyamaza, na kocha akapanga mchezo kati ya wasichana wa mitaa miwili. Watu walijaa uwanjani kwa kiu tu ya kutazama kitu kisichoua. Kipindi cha pili nikapokea mpira, nikaruka, nikarusha. Ndani ya bega kitu kikatoa sauti kama kijiti kibichi kikivunjwa. Mpira uliingia golini. Watu walishangilia. Nilianguka, nao wakaendelea kushangilia, wakidhani ni furaha.

"Funga kitambaa," kocha akasema. "Itapona."

Mama ndiye aliyefunga, kwa kipande cha kitenge chake. Kesho yake alfajiri risasi zikaingia mtaani kwetu, tukakimbia na watu wengine hadi kwenye kambi iliyoota yenyewe karibu na uwanja wa ndege. Tukalala chini ya hema la plastiki. Kocha Gaston alitukuta huko siku ya pili. Akauona mkono wangu umefungwa, akamshika baba begani, akasema kwa sauti ya msibani:

"Papa, vita imetuharibia mutoto."

Umesikia? Sikuanza mimi. Alianza yeye. Alisimama pale akiijua siku na saa bega lilipovunjika, akavitwisha vita, na vita havikatai mzigo. Baba hakuwa uwanjani siku ya mchezo, akaitikia kwa machozi. Mama alinitazama, akingoja niseme. Sikusema. Kuvunjwa na vita kulikuwa na heshima, kuvunjwa na mpira kulikuwa upuuzi, nami nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Kitu kingine kutoka kambi ile sijawahi kumwambia mtu. Baada ya siku chache wasichana waliotoka vijiji vya Djugu walianza kucheza nzango katikati ya mahema. Walikuwa wamepoteza nyumba, mashamba, wengine wazazi, na walikuwa wakiimba. Mmoja akaniona nimesimama.

"Weye wa kitambaa, kuya! Haiko mukono, ni muguu!"

Miguu yangu ilikuwa mizima. Nikaingia mstarini, wimbo ukaanza, zamu yangu ikafika, na sikujua la kufanya. Niliruka nje ya wimbo. Nikatafuta kwa macho mtu wa kuniambia kama nimefanya vizuri. Miaka mitatu sikuwa nimecheza bila kutazamwa.

"Huyu iko kama redio ya station moja!" yule msichana akasema, na wote wakacheka, bila ubaya. Nikacheka nao, nikarudi hemani, nikageukia plastiki.

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, mwanangu. Bega ni bega, nimejifunza kuishi na la kushoto. Lakini watoto waliokuwa wanacheza vitu vitano walibaki na vinne walipopokonywa kimoja. Mimi nilinyang'anywa vyote kwanza na watu walionipenda, nikaachiwa kimoja, na hicho kikavunjika. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walinikata vingine vyote ili hicho kimoja kinenepe.

Ningeyazika haya, lakini mwaka huu Kocha Gaston, ambaye bado yuko, bado ana filimbi, na sasa ana tumbo la kuitangulia, amemwona Furaha. Furaha ni binti wa Solange, ana miaka kumi na mmoja, anakimbia, anaruka kamba, anacheza mpira wa miguu vibaya na kwa furaha kubwa. Kocha aliutazama mkono wake. Akaja nyumbani. Akala kuku. Sikuwepo, lakini naweza kukutajia methali zote mbili.

Miezi michache baadaye Furaha alikuja kwangu nimsaidie masomo. Alipotaka kufungua dirisha, aliinua mkono wa kushoto.

"Kwa nini kushoto?" nikamuuliza.

"Mama mukubwa, wa kuume iko inakomaa."

Sikufundisha lolote jioni ile. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, na mwuguzi akasema jambo ambalo lingeweza kusemwa mbele ya baba yangu kama mtu angeuliza: mfupa wa mtoto, pale unapokutana na kiungo, bado haujakaza. Ukivutwa namna moja, siku zote, bila kupumzishwa na mwendo mwingine, unaumia mahali palepale. Apumzike, akasema, kisha acheze vingine.

Nikampelekea Solange habari. Unajua alivyonijibu, mimi yaya wake, dada yake mkubwa?

"Yaya, usiniletee hofu yako. Weye mupira haikukuvunja. Ni vita. Bila vita, ungekuwa Kinshasa, ungekuwa Ulaya! Coach mwenyewe anasemaka: angalieni Leoni, mukono wa zahabu, vita tu ndiyo ilimuzuia."

Basi nilikuwa ushahidi. Miaka yote nilipokuwa nikipishwa kwenye benchi, kocha alikuwa akizunguka Bunia na bega langu kama cheti cha kazi njema. Nani ajuaye ni wasichana wangapi walikabidhiwa kwake kwa jina langu.

Nikamwambia ukweli, wote, bega lililoambiwa linakomaa, mchezo, kijiti kibichi, kitambaa cha mama. Solange akacheka kicheko kikavu.

"Leo ndiyo umekumbuka? Mimi nilikubebea maji, Yaya. Mimi hakuna mutu aliniangaliaka mukono. Sasa mutoto wangu ameonekana, weye bega inageuka, haiko tena ya vita. Unaona wivu."

Neno lile lile nililompiga nalo zamani likanirudia. Mwongo wa miaka ishirini akisema kweli siku moja, anadaiwa ushahidi. Na mama, aliyekuwa shahidi wangu, tulimzika Mahagi.

Basi nikupe nasaha yangu hapa, mwanangu, kabla sijakumalizia habari. Ukiwa mtoto, cheza. Cheza na vile usivyovijua, na vile unavyoshindwa kila mara. Mtu akikwambia una kipaji, mshukuru, kisha mtazame kama anaitazama sura yako au anatazama mkono wako tu. Utachagua, ndiyo, siku moja utachagua mchezo mmoja na kuupa jasho lako, lakini subiri mifupa yako ikomae na hamu iwe yako, isiwe ya mtu mwenye filimbi. Mwili ukilia, usikubali uambiwe unaimba. Nawe mzazi, najua hofu yako. Mimi nimeiona hofu hiyo ikiangalia juu ya paa. Lakini mtoto si tikiti ya safari, na mchezo mmoja unaomkataza michezo mingine yote haumkuzi, unampunguza. Kama kocha ni mwema atamngoja. Asipoweza kumngoja mtoto wa miaka kumi na mmoja, anakimbilia nini?

Sasa nimalizie. Solange alikuja kwangu Jumamosi iliyopita, mchana, kuniambia tusigombane tena kwa ajili ya Furaha, kwamba wiki ijayo atarudi mazoezini. Nilikuwa namkaangia ndizi ili nipate muda wa kufikiri. Simu yake ikalia. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya ndizi alizokwisha kuanza kula, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka mezani, sauti ikitoka wazi nyumba nzima.

"Mama Furaha," akasema Kocha Gaston, "mutoto iko wapi? Mukono ikilala, inasahau."

"Atakuya, Coach, wiki ijayo. Alikuwa na maumivu kidogo."

"Ah, bega ikilia, iko inakomaa."

Solange akanitazama. Neno hilo alikuwa amelisikia kwangu, katika hadithi aliyoiita wivu. Lakini namjua mdogo wangu, alikuwa bado anatafuta njia ya kumwamini kocha.

"Coach," akasema kwa heshima, "Furaha anaogopa kurudia peke yake. Nilisikia kama muko na mujukuu wa kike, wa umri yake. Hawezi kuya naye, wafanye mazoezi pamoja, asubuhi na jioni?"

Kocha akacheka, kicheko cha babu, kitamu kabisa.

"Ule wa kwangu? Hapana, Mama Furaha. Ule tunamuacha acheze-cheze kwanza. Leo judo, kesho kamba, kesho kutwa mupira ya miguu. Ingali mutoto, mifupa yake iko teketeke."

Mafuta yalikuwa yanachemka na sikuyageukia. Solange alikuwa ameinamia simu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa na miaka ishirini ya maneno tayari kinywani. Lakini zamu haikuwa yangu.

"Allô? Mama Furaha? Munanisikia?"

"Nakusikia, Coach." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mama alipokuwa akiweka beseni chini. "Mungu amubariki huyo mujukuu wako. Amulinde mifupa. Acheze mupaka achoke, alale, aamuke, acheze tena. Na Mungu abariki watoto ya watu vilevile, Coach, kwa sababu wao pia iko na mifupa. Furaha harudi."